Walimtoa Nje na Kiti Chake: Maisha ya Mama Scholastique Kiiza Akiki wa Mudzipela (1961–2025)

Wachungaji, wazee wa jamaa, majirani wa avenue yetu, wanachorale, na ninyi nyote mliolala nasi kwenye kilio hiki tangu Jumatatu: mimi ni Michée, mdogo wake wa mwisho. Jamaa imenituma nisome.

Kabla sijasoma tarehe ya kuzaliwa, nina jambo moja. Jana mchana lililetwa hapa taji kubwa la maua, na juu ya utepe wake wameandika “Kwa mteja wetu mpendwa”. Limetoka kwenye ile kampuni ya kukusanya madeni iliyomtoa dada yetu ndani ya nyumba hii. Jina la kampuni hiyo hatulitaji leo. Si kwa kuogopa. Ni kwa sababu siku hii ina jina moja tu, na jina hilo ni la Scholastique. Taji tumeliweka nje ya lango la lupango, kando ya barabara, na aliyelileta anaweza kulichukua akienda.

Mchungaji wetu alituita jana jioni akatuomba kwa upole tupunguze maneno. Alisema kwenye maziko watu wanahitaji faraja. Tunamheshimu. Lakini Bijou, binti wa marehemu, alimjibu mbele yetu sote: “Mchungaji, mama alinyamaza mu hospitali, akanyamaza mu kitanda. Kama hatusemi apa, tutasema wapi?” Mchungaji akasema tusome yote. Basi tunasoma yote.

Mama Scholastique Kiiza alizaliwa Bogoro tarehe 11 mwezi wa tatu mwaka 1961, mtoto wa Muzee Ézéchiel Kabagambe, mfugaji, na Mama Dorotea. Aliwafuata mapacha, ndiyo maana akaitwa Kiiza. Na jina la kumwita kwa upendo alipewa Akiki. Alikulia kwenye harufu ya maziwa na moshi wa zizi. Baba yetu alizoea kusema kwamba kati ya watoto wake wote, Akiki ndiye aliyekuwa akilia polepole na kukasirika polepole, lakini akishakasirika, hata ng'ombe walimpisha.

Alisoma shule ya msingi palepale Bogoro. Mwaka 1974 alikuja Bunia kwa shangazi yetu na kuingia sekondari, upande wa coupe et couture, ukataji na ushonaji wa nguo, akamaliza mwaka 1979. Tangu siku hizo alipenda sana chorale, kwaya ya kanisa, na hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu hata yeye aliusema akicheka: dada yetu hakuwa na sauti. Alikuwa akianza wimbo pamoja na wengine, kisha anapotea njia peke yake, kwa furaha kabisa. Mwalimu wa chorale hakuwa na moyo wa kumfukuza. Akampa ngoma. Akamwambia: “Scholastique, mwimbie Bwana kwa mikono.” Aliipiga ngoma ile miaka yote, hadi mkono wake wa kushoto ulipokufa. Wanachorale mnaolia pale nyuma, mnajua Jumapili zetu zimekuwaje tangu wakati ule.

Kazi yake ilikuwa kushona. Alianza na mashini moja ya mguu chini ya ukuta wa duka karibu na soko kuu, na baadaye akawa na chumba chake cha kazi hapa hapa kwenye parsele, kiwanja hiki, upande wa barabara. Nguo za shule za watoto wa Mudzipela zilipita mikononi mwake, na magauni ya harusi, na pia nguo za kuzikia, ambazo hakuzitoza. Wasichana wengi walijifunza kwake. Wengine walikuja hawana kitu, wamekimbia vijiji vyao, na aliwaweka kwenye mashini kabla hajawauliza wametoka kabila gani. Wengine hakuwauliza kabisa. Leo wana vyumba vyao vya kushonea huko Aru, Mahagi na hapa mjini, na wengi wao wamekaa mbele yangu.

Mume wake alimpata kwa njia ya kazi hiyo hiyo. Augustin Mugisa alikuwa dereva wa lori kati ya Bunia na Aru. Kila akirudi safari alileta suruali ileile ishonwe, imepasuka goti. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku moja dada yetu akaiweka suruali juu ya mashini, akamtazama, akasema: “Papa, hii suruali haipasukake peke yake. Ni weye njo uko unaipasua.” Augustin akajibu: “Sasa nifanye nini, mama? Weye haukubalake kuongea na mutu mwenye hana nguo ya kushona.” Walifunga ndoa tarehe 6 mwezi wa nane mwaka 1983. Mungu akawapa Gauthier, Bijou na Caleb.

Nyumba hii mnayoiona waliianza mwaka 1989. Matofali waliyafyatua wenyewe na kuyachoma wenyewe; Augustin akisafiri, yeye alisimamia tanuru huku amembeba Bijou mgongoni. Walijenga chumba kwa chumba, kadiri walivyoweza. Vita vya 2003 vilipotufikia, walikimbilia Aru. Waliporudi, kuta zilikuwa zimesimama lakini mabati hayakuwepo, milango haikuwepo, hata fremu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa. Dada yetu hakulia siku ile. Alisema vita ni vita, akaanza upya.

Mwaka 2014 motere, injini ya lori, ilikufa. Augustin alichukua kredi, mkopo, kwenye koperative ya akiba hapa mjini, na nyumba ikawekwa dhamana. Wote wawili walisinya, waliweka sahihi zao kwa hiari, wakijua wanachosinya. Tunalisema hili kwa sababu maneno mengi yamepita sokoni kwamba mjane huyu alitaka kukimbia deni la mumewe. Hakukimbia. Augustin alifariki kwa ajali kwenye njia ya Mahagi mwaka 2017, na tangu mwezi uliofuata, dada yetu ndiye aliyelipa, kwa sindano. Kuna miaka hakushona gauni lake mwenyewe hata moja. Mwaka 2021 koperative ikafunga milango, na madeni ya watu yakapewa kampuni hii ya kuyakusanya. Hakuna aliyemuuliza. Aliambiwa tu siku hizi unalipa pale, akalipa pale. Mwaka uliofuata akamaliza. Alirudi nyumbani na soda, akawaita majirani, akapiga ngoma uwanjani kama mtoto. Mama Espérance, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anakumbuka; alicheza naye.

Miezi michache baadaye kampuni ikamwita. Mkuu wa ofisi yao hapa Bunia, Monsieur Fiacre, akamwambia kwamba alichokilipa kwa koperative ya zamani wao hawakitambui, na kwamba juu ya hapo kuna penalite za kuchelewa. Dada yetu akaweka risiti zake zote juu ya meza. Hazikuwa siri, alikuwa amezitunza kama mtu yeyote mwenye akili. Fiacre hakuzigusa. Alisema: “Mama, si miye. Ni kompyuta njo inasema.” Dada yetu akamjibu: “Basi uniitie uyo kompyuta tuongee naye. Miye nililipa batu, sikulipa kompyuta.”

Aliomba aonyeshwe hesabu yao. Akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata Fiacre alikuwa kwenye mkutano. Kisha alikuwa safarini. Kisha mlinzi wa mlango akaagizwa asimruhusu kuingia. Mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini alisimama juani mbele ya mlango akiuliza kitu kimoja tu: ninadaiwa nini na kwa nini? Na kila alipoondoka bila jibu, penalite iliongezeka. Ndugu zangu, huko si kudai. Huo ni mtego. Unamfungia mtu mlango wa kulipa, halafu unamhukumu kwa kutolipa.

Mwanzoni mwa 2024 tuliamka tukakuta wameandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mbele: “INAUZWA”. Dada yetu alichukua maji na brashi, akausugua ukuta. Rangi haikutoka. Akashona pazia refu la kitenge, akalitundika juu ya maandishi. Watu walifikiri ni pambo.

Tarehe 20 mwezi wa pili, siku ya Jumanne, walikuja asubuhi. Fiacre alikuwa na cravate shingoni, na nyuma yake vijana wenye kofia nyeusi ambao hakuna aliyewajua kwenye avenue. Dada yetu alikuwa amekaa kwenye mashini, anashona shati la shule. Bijou alikuwepo, na Mama Espérance alisimama juu ya ndoo upande wa pili wa ukuta. Maneno haya ni yao.

Fiacre alisema: “Mama, toka. Hii nyumba haiko tena ya kwako.”

Dada yetu akamuuliza: “Karatasi ya tribinali iko wapi?”

“Tribinali ya nini? Bwana yako alisha kusinya.”

“Bwana yangu alisinya deni. Hakusinya munifukuze kama kuku. Na ile deni, nilisha kulipa.”

“Mama, usitufanyie fujo.”

“Miye nimekaa kwangu, nashona. Fujo imeingia na miguu yako.”

Hakusimama. Akaendelea kushona. Basi vijana wale wakakishika kiti, wawili mbele, wawili nyuma, wakamwinua pamoja nacho, shati la mtoto likiwa bado mikononi mwake na uzi ukivutika kutoka kwenye mashini mpaka ukakatika. Walimbeba hivyo mpaka nje ya lango, wakamweka kwenye tope la barabara. Mama mzima. Mke wa mtu. Mama wa watoto. Walimweka kama mtu anavyoweka gunia, wakarudi kuchukua vitanda.

Wanawake wa avenue walitoka nyumba kwa nyumba. Hawakupigana. Walibeba mashini, masufuria, vitambaa vya wateja, wakaviingiza majumbani mwao, na hakuna hata sindano iliyopotea. Mama Espérance alipiga magoti kwenye tope akamwambia: “Akiki, inuka twende kwangu.” Akakataa. Alikaa pale mpaka mchana, akitazama mlango wake ukifungwa kwa kufuli mpya. Alipoinuka, alisema kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake: “Vita iliniondolea mabati, nikajua ni vita. Ao banavaa cravate. Nibaite nani?”

Alihamia kwenye chumba kimoja cha Bijou, kule Nyakasanza. Nyumba ikauzwa kimyakimya kwa mnunuzi wa dhahabu kutoka Kilo, Papa Dominique, ambaye alitaka kujenga ya ghorofa. Mafundi wakaanza kung'oa paa.

Bijou ndiye aliyempeleka kwa Maître Gentille, avoka, wakili wetu. Maneno ambayo Maître alimwambia siku ile tunayarudia hapa kwa sauti, kwa sababu najua katika uwanja huu kuna watu ambao hati za nyumba zao ziko kwenye kabati za wengine. Alisema: “Mama, kuweka nyumba dhamana si kuigawa. Anayekudai hana ruhusa ya kujipa ufunguo mwenyewe. Lazima akuonyeshe hesabu. Lazima akupe taarifa na muda. Lazima apite mbele ya hakimu, na kama ni kuuza, inauzwa mbele ya watu wote, si gizani.” Dada yetu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Kumbe nilikuwa na haki ile siku nilikuwa mu tope?” Maître akasema ndiyo. Dada yetu akainama akalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu walipomtoa.

Mwezi wa sita mwaka huo alianguka akiwa anafua. Tansio ya damu ilipanda, mshipa ukapasuka kichwani, upande wake wote wa kushoto ukanyamaza. Daktari ameandika kwenye cheti kwamba ugonjwa ni wa mishipa ya ubongo. Jamaa haibishani na daktari. Lakini jamaa inajua kwamba kabla ya Jumanne ile, dada yetu alitembea kutoka Mudzipela mpaka soko kuu na kurudi, na vitambaa kichwani.

Kesi iliendelea bila yeye kuweza kusimama. Aliletwa kwa kitimagurudumu kilichoazimwa kanisani. Kampuni ilitakiwa kuleta hesabu yake. Ikaomba muda. Ikaomba tena. Ilipoleta, malipo ya miaka yote ya koperative hayakuwemo, na waliposhindwa kueleza kwa nini, Fiacre alisema tena habari za kompyuta, na watu ukumbini wakaguna. Kisha akasimama mtu ambaye hatukumtarajia: Papa Dominique, mnunuzi. Tulidhani amekuja kutetea fedha zake. Akasema: “Mheshimiwa, miye baliniambia ile nyumba haina mutu. Nilipoingia nikakuta mu ukuta kipimo ya urefu ya watoto, balichora na kalamu, majina yao iko pale. Nikauliza, bakaniambia mambo ya zamani. Uyu mama iko apa. Nyumba ilikuwa na mutu.” Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mbele ya hakimu. Papa Dominique yuko nasi leo, amekaa upande wa wanaume. Yeye pia bado anadai fedha zake kwa watu walewale. Jamaa inamshukuru.

Tarehe 27 mwezi wa tatu mwaka huu, hakimu wa tribinali alikata kesi: deni lilikuwa limekwisha, kumtoa kulikuwa kinyume cha sheria, mauzo ni bure, arudishiwe nyumba mara moja bila kungoja rufaa, na kampuni irudishe paa. Bijou alipomweleza, alishindwa kusema vizuri kwa sababu ya ulimi, lakini mkono wake wa kulia ukaanza kugonga ubao wa kitanda. Tulijua ni ngoma.

Alirudi hapa Jumamosi, tarehe 5 mwezi wa nne. Tulimwingiza kwa kiti, kwa mlango wa mbele. Chumba chake hakikuwa na paa. Gauthier na Caleb walifunga maturubai. Akatazama juu, pale upepo ulipokuwa umeifunua pembe moja na mbingu ikaonekana, akasema polepole mpaka tukaelewa: “Bwana Mungu sasa ataniona muzuri.” Tulicheka sote. Alikuwa dada yetu bado.

Kampuni haikurudisha hata bati moja. Ilikata rufaa. Mvua za mwezi wa nne na wa tano mnazijua. Tulisogeza kitanda pembe hii, tukakisogeza pembe ile. Alipata baridi ya mapafu. Jumatatu tarehe 19 mwezi wa tano, mchana, Bijou alikuwa anamnywesha uji. Alikataa kijiko, akaomba mlango wa mbele ufunguliwe wazi, wapitao njia wasifikiri hakuna mtu. Bijou alikwenda akaufungua. Aliporudi, mama yake alikuwa ameondoka. Alikuwa na miaka sitini na minne.

Hatutasema Mungu amependa. Mungu alimpenda siku zote. Waliombeba na kiti ni watu, na wana majina, na wanakunywa bia mjini humu. Tunawaambia bila kuwaficha: hamkumshinda. Mlimtoa kwenye nyumba yake, na amefia ndani ya nyumba yake.

Mama Scholastique ameacha watoto watatu: Gauthier na mkewe Clarisse, huko Aru, Bijou, aliyemuuguza, na Caleb. Ameacha wajukuu saba, ambao vipimo vyao pia sasa viko kwenye ukuta ule. Ameacha kaka zake mapacha wa Bogoro, na mimi. Ameacha chorale bila mpiga ngoma, wasichana wake wa kushona, na Mama Espérance, ambaye si wa damu lakini leo anakaa mstari wa mbele na jamaa.

Rufaa ya kampuni inasikilizwa Jumatatu hii, saa tatu ya asubuhi. Kampuni imefikiri kwamba mdaiwa akifa, kesi inazikwa naye. Watoto wake watasimama mahali pake, na Maître Gentille atakuwa pamoja nao. Anayetaka kuja, aje. Wenye nyumba zilizowekwa dhamana, njooni mkasikilize kwa masikio yenu.

Akiki, dada yangu, weye pumzika kwa amani. Siye bado tuko wima.